Je, Wajua? Bei ya Kumvuta Mwenzi Majuu

Je, wajua kwamba kipimo cha kipato anachotakiwa kuwa nacho Mmarekani ili amlete mkewe kutoka Tanga au mumewe kutoka Kisumu kilianzia jikoni? Mwaka 1963, mwanauchumi wa Idara ya Hifadhi ya Jamii aitwaye Mollie Orshansky, binti wa wahamiaji kutoka Ukraine aliyezaliwa Bronx, New York, alianza kutafuta njia ya kujua ni familia zipi ziitwe maskini. Alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa uliopangwa na Wizara ya Kilimo, akaizidisha mara tatu. Kwa nini tatu? Kwa sababu uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia ya kawaida ilitumia theluthi ya kipato chake kwa chakula. Serikali ya Rais Lyndon Johnson, iliyokuwa imetangaza vita dhidi ya umaskini mwaka 1964, ikaichukua hesabu hiyo kuwa mstari wa umaskini, na hadi leo kinachofanyika ni kuupandisha tu kufuata mfumuko wa bei. Siku hizi kodi ya nyumba na bima ya afya ndivyo vinavyomkaba mtu koo kule kuliko unga na maharage, lakini hesabu ya sahani mara tatu bado ndiyo inayoamua nani alale na mkewe.

Je, wajua kiasi chenyewe? Kwa mwaka 2025 mstari wa umaskini kwa nyumba ya watu wawili ulikuwa dola 21,150. Mdhamini, yaani anayemleta mwenzake, hatakiwi kufika mstarini tu, anatakiwa auvuke kwa robo: asilimia 125, ambayo kwa 2025 ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Kila mtu aliyeongezeka nyumbani aliongeza dola 6,875. Alaska na Hawaii zina viwango vyao, vya juu zaidi. Viwango hutangazwa upya kila mwanzo wa mwaka, kwa hiyo usimsikilize binamu aliyemleta mkewe mwaka 2018. Hesabu yake imeshachacha.

Mwanajeshi aliye kazini hupunguziwa: akimleta mke au mtoto, asilimia 100 inamtosha.

Je, wajua kwamba mtu anayefanya kazi mwaka mzima bila likizo anaweza asifike? Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Saa 40 kwa wiki, wiki 52, ni dola 15,080. Ili kufikisha zile 26,437, mbeba boksi anahitaji takriban dola 12.71 kwa saa. Texas bado inafuata ile 7.25. Jimbo la Washington lilikuwa na kima cha chini cha dola 16.66 mwaka 2025. Kazi ile ile, boksi lile lile. Mmoja anafika kwa mshahara wa chini kabisa wa jimboni kwake, mwingine hata akijumlisha kazi ya usiku anahesabu vidole.

Na hili la kuhesabu watu? Hapa ndipo wengi hujikwaa. “Nyumba” kwenye fomu ya udhamini, I-864, si wale mnaolala chini ya paa moja. Anahesabiwa mdhamini, anahesabiwa mwenzi anayekuja, wanahesabiwa watoto wote wa mdhamini walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa au kuolewa, hata kama wanalelewa na bibi yao Mwanza na hawana mpango wa kusafiri. Anahesabiwa pia mtu yeyote uliyewahi kumdhamini kwa fomu hiyo hiyo na ambaye dhamana yake haijaisha. Kama miaka minne iliyopita ulimleta mama, leo mama yumo kwenye hesabu ya mkeo. Mwanamume mwenye watoto wawili anayemleta mke ana nyumba ya watu wanne, na kwa viwango vya 2025 hiyo ni dola 40,187.

Lakini wazazi wanaokula kwa pesa unazotuma kila mwisho wa mwezi hawamo. Sheria ya kodi ya Marekani haimruhusu mtu kumwandika kama tegemezi mzazi asiye raia na anayeishi Tanga. Anayeishi Kanada au Meksiko angeweza kuandikwa. Kwa hiyo mzigo ule mzito kuliko yote, unaomfanya mtu wa ughaibuni afanye kazi mbili, serikali haiuoni. Kwa mara moja, kutoonekana kunasaidia.

Je, wajua kwamba kutokuwa na kazi hakumwondolei mume wajibu wa kusaini? Aliyewasilisha ombi lazima ajaze I-864 yake hata kama kipato chake ni sifuri. Akipungukiwa, anatafuta mdhamini mwenza: raia au mwenye kadi ya kijani, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi Marekani. Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa rafiki wa msikitini, mchungaji, bosi wa zamani. Ila mdhamini mwenza hajazi pengo. Hachangii, tuseme, dola elfu tano zilizopungua. Anatakiwa afike asilimia 125 peke yake, kwa nyumba yake mwenyewe pamoja na yule anayekuja.

Je, wajua kwamba nyumba ya Kigamboni inaweza kuingia kwenye hesabu? Mali inakubalika badala ya kipato ikiwa inaweza kugeuzwa fedha taslimu ndani ya mwaka mmoja bila hasara kubwa, na fedha zenyewe ziweze kutolewa nchini. Mali ya yule anayekuja nayo inahesabika, jambo ambalo wengi hawalijui: mke mwenye kiwanja chenye hati anaweza kuokoa ombi la mume mbeba boksi. Raia anayemleta mwenzi wake anatakiwa kuonyesha mali yenye thamani mara tatu ya pengo. Umepungukiwa dola 8,000? Onyesha mali ya dola 24,000, pamoja na hati miliki na ripoti ya mthamini. Mwenye kadi ya kijani, ambaye si raia, huzidishiwa mara tano.

Haya yote ni tarakimu, na kwa tarakimu watu wetu ni hodari, watahangaika, watapata. Wanachokisoma harakaharaka ni ukurasa wa saini.

Je, wajua kwamba zamani saini hiyo haikuwa na meno? Mahakama za Marekani ziliuona udhamini kuwa ahadi ya kimaadili tu. Serikali ikidai, mdhamini akikataa, mambo yaliishia hapo. Mwaka 1996 Bunge lilibadilisha sheria, Rais Bill Clinton akaitia saini, na fomu mpya ikaanza kutumika Desemba 1997. Tangu hapo I-864 ni mkataba. Shirika la serikali lililotoa msaada linaweza kumshtaki mdhamini limdai fedha zake. Na aliyedhaminiwa mwenyewe, yule uliyempokea uwanja wa ndege kwa maua, anaweza kukushtaki pia akikosa matunzo.

Mkataba unaisha lini? Mwenzi akiwa raia. Akifikisha robo-mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi. Akifa, au akiondoka moja kwa moja na kupoteza ukaazi wake. Mdhamini naye akifa wajibu unakoma, ingawa deni lililokuwa limeshalimbikizwa linaweza kudaiwa kwenye mirathi.

Talaka haimo kwenye orodha hiyo. Soma tena ukitaka.

Mwaka 2012 mahakama ya rufaa yenye makao yake Chicago iliulizwa swali ambalo mtu yeyote mtaani angeuliza: je, mtalaka aliyedhaminiwa si anatakiwa angalau atafute kazi ili kumpunguzia mzigo yule aliyemleta? Majaji wakajibu hapana, hana wajibu huo chini ya mkataba. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya San Francisco ikaongeza lingine: hata mkiandikishana kabla ya ndoa kwamba mkiachana hakuna atakayemdai mwenzake matunzo, karatasi hiyo haifuti I-864. Mtalaka mmoja asiye na kipato, kwa viwango vya 2025, angeweza kudai hadi dola 19,562 kwa mwaka. Mdhamini mwenza, yule rafiki wa msikitini, yumo kwenye deni hilo hilo sawasawa na mume. Ndiyo maana mtu akikuomba “nisainie tu, ni fomu” inafaa akuonyeshe na kurasa za nyuma.

Je, wajua kwamba suala la uraia pacha linaingia humu? Mwenzi wa raia wa Marekani anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi wakiwa pamoja, na siku anayokula kiapo ndipo mdhamini anapofunguliwa kamba. Mkenya hana cha kuogopa, kwa sababu Katiba ya 2010 inamruhusu kubaki Mkenya. Mtanzania na Mkongomani wana la kufikiri: sheria za nchi zao hazimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili kwa pamoja. Wengi hukaa na kadi ya kijani miaka na miaka ili wasiipoteze pasipoti ya nyumbani. Ni uamuzi wenye heshima, lakini unamwacha aliyesaini akiwa bado amefungwa, na sijawahi kusikia wanandoa wakilizungumza hilo mezani.

Je, wajua kwamba hofu ya mgeni kuwa mzigo ni ya zamani kuliko sanamu maarufu ya bandari ya New York? Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1882 iliwazuia kuingia watu ambao hawangeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Sanamu ya Uhuru ilizinduliwa mwaka 1886.

Wapo wasioguswa na I-864, angalau mwanzoni. Aliyeshinda bahati nasibu ya kadi ya kijani haihitaji. Mchumba anayekuja kuolewa hukohuko huanza na fomu nyingine, I-134, inayopimwa kwa asilimia 100. Ile ya 125 humsubiri baada ya harusi. Na kuna kundi linalowahusu majirani zetu wengi: wakimbizi. Mkongomani au Mrundi aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akapelekwa Marekani kama mkimbizi, anaweza kumwombea mke au mume aliyeoana naye kabla ya safari kwa fomu I-730. Hakuna kipimo cha mshahara. Kuna saa inayokimbia: ombi lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu kuwasili. Wapo waliosubiri wapate kwanza kazi nzuri, wakidhani wanajiandaa, kumbe mlango ule haukuuliza mshahara, uliuliza tarehe.

Sasa vuka bahari.

Je, wajua kwamba Uingereza haihesabu watu wa nyumbani, bali ina tarakimu moja kwa wote? Kuanzia Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, anayemleta mwenzi alitakiwa kupata pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi kama kulikuwa na watoto. Kiasi hicho kilipendekezwa na kamati ya ushauri wa uhamiaji kwa hoja kwamba wenye kipato hicho hawangestahili tena ruzuku za serikali. Desemba 2023 waziri James Cleverly akatangaza kwamba kitapanda hadi 38,700. Kelele zikapigwa, na Aprili 2024 kikasimama kwenye 29,000, nyongeza ya watoto ikiondolewa kwa waombaji wapya. Juni 2025 kamati ile ile ikasema 38,700 haina msingi kwa familia, kwani ilichukuliwa kutoka kipimo cha wafanyakazi wenye ujuzi, na ikataja viwango kadhaa vilivyo chini ya 29,000.

Linganisha: kima cha chini cha mshahara Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 40 kwa wiki kwa mwaka ni pauni 25,397. Serikali inasema huo ndio mshahara wa kuishi. Wa kuishi na mke ni mwingine.

Je, wajua kwamba mshahara wa mke aliyeko nyumbani hauhesabiwi? Awe meneja wa benki Nairobi au daktari Muhimbili, kwa ombi la kuingia Uingereza mshahara anaoupata huku ni sawa na hakuna. Kinachotazamwa ni kipato cha yule aliyeko kule, na hati za mshahara za miezi sita zinazolingana na taarifa ya benki, pauni kwa pauni. Anayelipwa mkononi kwa bahasha, pesa zisipite benki, asahau.

Akiba inasaidia, kwa hesabu inayohitaji kikokotoo. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, kwa kuwa ndicho kiwango cha akiba ambacho mtu akikivuka hukosa ruzuku nyingi. Kinachobaki hugawanywa kwa miaka miwili na nusu. Mwenye mshahara wa pauni 20,000, mwenye pengo la 9,000, anatakiwa kuwa na akiba ya 38,500. Asiye na mshahara kabisa: 88,500. Na fedha ziwe zimekaa miezi sita mikononi mwake. Harambee ya ukoo inaruhusiwa, mradi ni zawadi, si mkopo, na mradi ichangwe mapema. Ile ya dakika za mwisho, tunayoiweza sisi kuliko watu wote duniani, haifai kitu.

Anayepokea posho fulani za ulemavu au ya kumuuguza mtu hapimwi kwa 29,000. Anapimwa kama kilichopo kinatosha kuishi.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza malalamiko dhidi ya sharti hili, na Februari 2017 ikatoa hukumu ambayo kila upande uliisoma kwa furaha yake: sharti lenyewe ni halali, lakini kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto wala njia nyingine za kipato. Watoto waliolelewa na mzazi mmoja huku mwingine akiwa kwenye skrini walishapewa jina, watoto wa Skype.

Je, wajua kwamba wakimbizi Uingereza nao walikuwa nje ya sharti hilo? Hadi Septemba 2025. Serikali ilisimamisha maombi mapya ya njia ya kuunganisha familia za wakimbizi, na tangu hapo Mkongomani wa Leeds anayemtaka mkewe ameelekezwa kwenye foleni ya pauni 29,000.

Harakaharaka sasa.

Je, wajua kwamba Uholanzi ilishindwa mahakamani kwa pengo la euro 119 hivi? Mmorocco aliyeishi huko tangu 1970 na kuoa mwaka 1972 alikataliwa kumleta mkewe kwa sababu mafao yake ya kukosa kazi yalikuwa euro 1,322.73 kwa mwezi na kipimo kilikuwa 1,441.44. Uholanzi ilikuwa ikidai asilimia 120 ya mshahara wa chini kwa walioanzisha familia baada ya kuhamia huko. Machi 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema nchi inaweza kuweka kiwango cha kurejelea, lakini si kumkataa mtu kwa tarakimu tu bila kuangalia hali yake. Walikuwa wameoana miaka karibu arobaini.

Kanada, kwa kawaida, haina kiwango cha kipato kwa anayemleta mke au mume. Ukiishi kwa ruzuku ya ustawi wa jamii isiyo ya ulemavu utakwama, lakini mshahara mdogo si kikwazo. Ahadi ya matunzo ni miaka mitatu, na kabla ya 2002 ilikuwa kumi. Huko nako talaka haiifuti.

Falme za Kiarabu zina hesabu fupi kuliko zote: dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Uswidi inapima na nyumba. Wanandoa wasio na watoto wawe na angalau chumba na jiko. Denmark iliweka mwaka 2002 sharti kwamba wote wawili wawe na miaka 24, pamoja na dhamana ya benki ambayo imekuwa ikipanda na kushuka. Wanandoa wengi wakavuka daraja kwenda kuishi Malmö, Uswidi, na kurudi Copenhagen kila asubuhi kazini. Australia haina kiwango maalumu cha mshahara kwa viza ya mwenzi, ila ada ya ombi inazidi dola 9,000 za huko, hairudishwi.

Na mdhamini wa Marekani je, wajua kwamba akihama nyumba ana siku 30 za kuitaarifu serikali kwa fomu I-865? Asipofanya hivyo faini ni kati ya dola 250 na 2,000, na akijua kwamba aliyemdhamini amepokea msaada wa umma, inapanda hadi kati ya 2,000 na 5,000. Wajibu huo hudumu muda wote mkataba unapodumu, hata kama mmeshaachana na hujui mwenzako anaishi wapi. Anwani inayotakiwa ni yako.